Majani ya Nyuma ya Nyumba na Kuku Wetu



Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unaongea juu ya kuku. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi wakimbizi wa hapa Nyarugusu hiyo kamba tunaijua. Kambi hii ipo tangu 1996. Shamba hatuna, kutoka nje ya kambi kunataka kibali, na mgao wa chakula hatuupangi sisi. Mwaka 2023 mgao ulikatwa mpaka ukafika nusu, na kila mama anakumbuka alivyopima unga kwa kikombe. Lakini kuku watano au kumi wa kuzunguka nyumba, hao familia nyingi tunao. Yai moja lina protini gramu sita hivi. Kwa mtoto anayekula ugali na njegere kila siku, yai hilo si kitu kidogo.

Sasa swali linalokuja kila mara ni hili: kuku tutawalisha nini, na wakiugua tutawatibu na nini, wakati dukani kila kitu ni pesa? Wengi wanajibu: majani. Mlonge, papai, shubiri, pilipili, mwarobaini. Ni jibu zuri, lakini lina mtego ndani yake, na mimi ninayeandika hapa nilinaswa. Kwa hiyo nianze na kosa langu mwenyewe.

KUKU KUMI NA SABA, WAKABAKI WATATU

Kiangazi kimoja nilikuwa na kuku kumi na saba. Nilikuwa najivuna nao. Maji yao yalikuwa na shubiri kila siku, na kila wiki niliwasagia pilipili. Mafua yalikuwa yanapita kwa jirani, kwangu hayaingii. Basi nikajiona daktari.

Siku moja wakapita watu wa chanjo ya mdondo, ile ya tone la jicho. Jirani zangu wakakamata kuku wao usiku, asubuhi wakawapeleka. Mimi nikasema, “Wangu natumia dawa za asili, hawahitaji.” Mke wangu akaniuliza mara mbili, “Baba, una uhakika?” Nikamjibu kwa sauti ya juu kidogo. Wanaume wenzangu mnaelewa.

Haukupita muda mrefu. Jogoo mmoja alishusha mabawa, akaanza kuhema mdomo wazi. Kesho yake kuhara maji ya kijani. Nikaongeza shubiri. Nikaongeza pilipili. Nikaongeza kitunguu saumu. Kwa siku nne nilizika kuku kumi na wanne. Katika watatu waliobaki, mmoja shingo ilipinda na haikunyooka tena. Wale kuku ndio walikuwa madaftari na yunifomu za watoto. Mayai yao ndiyo mke wangu alikuwa anampa kitinda mimba wetu, ambaye uzito wake ulikuwa hauendi vizuri pale kliniki.

Kwa hasira nikachukua jembe ning'oe shubiri yote. Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima wa kutoka Fizi, akanikuta pale. Akacheka, akasema, “Papa, shubiri haina kosa. Ni wewe uliipa kazi yenye haiko yake.”

Maneno hayo ndiyo makala hii yote. Kila jani lina kazi yake. Tuyaangalie moja moja.

KWANZA: KUKU WAKO ANAUMWA AU ANA NJAA?

Yule mama alinifundisha jambo la pili. Aliwaangalia wale watatu wangu, akambonyeza mmoja kifuani, akasema, “Hii kuku haina ugonjwa. Iko na njaa tu.”

Shika kuku wako sasa hivi, pitisha vidole kwenye mfupa wa kifua. Ukiusikia umechongoka kama kisu na nyama haipo pembeni, kuku huyo chakula hakimtoshi au ana minyoo. Kuku wa kambini anajitafutia, lakini nyumba zimesongamana na kila mtu ana kuku wake. Wadudu na mbegu za kuokota zinaisha mapema asubuhi. Anachopata ni pumba na makombo ya ugali. Hicho ni chakula cha kumpa nguvu ya kutembea tu. Nyama na mayai vinajengwa na protini, ganda la yai linajengwa na chokaa, na kinga ya mwili inahitaji vitamini. Hapo ndipo majani yanapoingia. Majani ni chakula kwanza, udawa unakuja baadaye.

MAJANI YA KULISHA

1. Mlonge. Huu ndio mti ningesema kila nyumba ipande. Unaota hata kwa tawi lililochomekwa ardhini mwanzo wa mvua, na unavumilia jua. Majani yake yakikaushwa, karibu robo ya uzito wake ni protini, tena yana chokaa, chuma na vitamini A. Namna ya kutengeneza: chuma majani, yaoshe, yatandaze kivulini kwenye mkeka au neti safi siku tatu au nne, huku unayageuza. Usiyaanike juani, jua linaua vitamini na kuyafanya ya kahawia. Yakikauka mpaka yanavunjika mkononi, yatwange, chekecha, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Usishangae yakipungua sana, jani bichi zaidi ya robo tatu yake ni maji.

Kipimo: makopo kumi ya pumba au unga, kopo moja la mlonge uliotwangwa. Usizidishe hapo. Kuna watu wanasikia kitu ni kizuri, wanaweka nusu kwa nusu. Mlonge ukizidi, kuku anakula kidogo, na ukuaji unarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Na kumbuka jani hilihili ni mboga ya watoto pia. Ukikausha kwa ajili ya kuku, tenga kijiko cha kuweka kwenye uji.

2. Lengalenga na matembele. Mchicha, kama wanavyouita wenyeji wetu wa Kigoma, na majani ya viazi vitamu, kuku anakula mabichi. Yafunge kifurushi, yaning'inize kwa kamba usawa wa kichwa cha kuku. Ukiyatupa chini yanakanyagwa na kuchafuliwa na kinyesi. Wale wanaolalamika kiini cha yai ni cheupe kama maziwa, dawa yenu ni hii. Rangi ya njano ya kiini inatoka kwenye majani.

3. Sombe. Hapa tuelewane vizuri maana sombe ni chakula chetu. Majani ya muhogo yana protini nyingi, lakini yakiwa mabichi yana sumu, ileile inayotufanya sisi tuyatwange na kuyachemsha muda mrefu. Kuku usimpe mabichi. Yakatekate, yaache yanyauke, kisha yaanike juani mpaka yakauke kabisa. Jua na hewa vinaondoa sehemu kubwa ya sumu. Haya ndiyo majani pekee katika orodha yangu ninayoyaanika juani kwa makusudi. Hata hivyo weka kidogo, nusu kopo kwa makopo kumi ya pumba.

4. Nyongeza zisizo majani. Ganda la yai usitupe: likaange au lichemshe, lisage vizuri kabisa, changanya kijiko kimoja kwa chakula cha kuku kumi. Ukimpa ganda zima atajua ladha ya yai na ataanza kula mayai yake mwenyewe. Vichwa vya dagaa, au ndakala kama tunavyosema, vitwange, kopo moja kwa kumi. Na mchwa: chukua chungu kibovu, jaza mabua na majani makavu yaliyoloweshwa, kifunike kifudifudi juu ya shimo la mchwa jioni. Asubuhi kifunue mbele ya vifaranga. Utaona furaha. Watoto wangu wanagombana nani afunue.

MAJANI YENYE DAWA NDANI YAKE

Nchi tajiri nazo siku hizi zinarudi kwenye mimea. Kwa miaka mingi wafugaji wakubwa walikuwa wanawalisha kuku dawa za kuua bakteria kila siku, wakati hawaumwi, ili wanenepe haraka. Bakteria wakazizoea dawa, na dawa zilezile zikaanza kushindwa kwa binadamu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mtindo huo kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Tangu hapo utafiti juu ya kitunguu saumu, pilipili, manjano na mimea mingine kwa kuku umekuwa mwingi sana. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wajinga. Kuna vitu ndani ya mimea hii vinavyofanya kazi kweli. Ila vina mipaka.

Kitunguu saumu. Ile harufu kali inatokana na kitu kinachozaliwa pale tu kitunguu kinapopondwa. Kizima hakina nguvu hiyo. Kwa hiyo ponda, acha dakika kumi, kisha weka kwenye maji ya kunywa. Punje mbili au tatu kwa lita moja, siku mbili tatu kwa wiki, na maji yabadilishwe kila siku. Kinasaidia tumbo na kupunguza vijidudu vya utumbo. Ukizidisha, damu ya kuku inapungua na mayai yanapata ladha ya kitunguu.

Pilipili kichaa. Wengi wanauliza, jamani si tunawachoma kuku midomo? Hapana. Ndege haisikii ile pilipili kama sisi. Mdomo wa ndege haukuumbwa kuhisi ukali wake, ndiyo maana ndege wanakula pilipili porini na kusambaza mbegu. Kidogo ndani ya chakula kinaamsha hamu ya kula na kusaidia usagaji. Kosa ni kufikiri kwamba inatibu mdondo. Haitibu. Nimeshazika kumi na wanne kuthibitisha.

Papai. Utomvu wa papai bichi na mbegu zake vina vitu vinavyowasumbua minyoo ya tumboni. Kausha mbegu, zitwange, kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa kuku watano kwenye pumba yenye unyevu, siku tatu mfululizo, rudia baada ya wiki mbili. Inapunguza minyoo. Haiwamalizi. Kama kuku wako wamekonda sana na unaona minyoo kwenye kinyesi, tafuta dawa ya minyoo ya kuku kwa mtaalamu wa mifugo, papai libaki la kuwasaidia kati ya dozi na dozi. Na banda lisipofagiliwa kila siku, minyoo inarudi palepale, maana mayai yake yapo kwenye kinyesi.

Shubiri. Ukikata jani, utaona maji ya njano machungu yanatoka kwenye ganda, na ndani kuna ute mweupe. Yale ya njano yanaharisha. Simamisha jani lililokatwa mpaka njano yote ichuruzike, kisha tumia ute wa ndani peke yake, kipande cha kidole kwa lita moja ya maji. Mimi nilikuwa naponda jani zima na ganda lake. Maana yake kuku wangu nilikuwa nawaharisha mwenyewe, halafu nasema wanasafishika tumbo.

Mwarobaini. Huu kazi yake kubwa iko nje ya mwili. Majani makavu yatandaze kwenye viota na chini ya banda, na wadudu kama utitiri na chawa wanapungua. Changanya pia na majivu safi ya kuni kwenye shimo dogo lenye mchanga mkavu. Kuku watajirusha humo na kujisafisha. Maji ya mwarobaini ya kunywa mimi nayaogopa. Ni machungu, kuku anakunywa kidogo, na asiyekunywa maji hatagi. Kuku anayelalia mayai anayesumbuliwa na chawa ataacha kiota, na vifaranga ndiyo basi tena. Hivyo kiota ndicho kianze kupewa mwarobaini.

VITU VYA KUTOMPA KUKU KABISA

Kata orodha hii, ibandike ukutani watoto waisome:

– Mahindi au unga wenye ukungu. Tusiseme “huu umeharibika, wape kuku.” Ukungu ule unaleta sumukuvu, inayoharibu ini la kuku. Mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga laki moja walikufa kwa sababu ya mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Tena inaweza kupita mpaka kwenye maini na mayai tunayokula sisi.

– Maharage mabichi, hata yakisagwa. Maharage yana sumu mpaka yachemshwe vizuri. Soya nayo ikaangwe kwanza.

– Parachichi: ganda, kokwa na majani. Ni sumu kwa ndege.

– Mbegu za nyonyo (mbarika). Zina sumu kali sana, hata kwa watoto wetu. Kama mmea huo uko karibu na banda, ung'oe.

– Viazi mviringo vilivyogeuka kijani na maganda yake.

– Maji au makombo yenye chumvi nyingi. Chumvi inaua kuku haraka, vifaranga zaidi.

– Kapsuli za binadamu, zile za rangi mbili. Najua zinauzwa kwa moja moja na kila mtu anasema zinaponya kuku. Haziui kirusi cha mdondo. Dawa inabaki ndani ya yai na nyama, mtoto anakula bila kupimiwa, na siku akiumwa kweli dawa haimsaidii.

LILE AMBALO HAKUNA JANI LINALOLIWEZA

Sasa nirudi kwenye mdondo, wengine wanauita kideri. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na jina lake la kizungu limetoka hapo. Ni kirusi. Kikiingia kwenye kundi ambalo halijachanjwa kinaweza kumaliza kuku wote. Hakuna dawa ya kukitibu: si ya duka wala si ya shamba, ya mzungu wala ya bibi. Kinachokiweza ni chanjo iliyotangulia.

Habari njema ni kwamba ipo chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi, inaitwa I-2. Ilianzia kwa watafiti wa Australia, na inatengenezwa hapahapa Tanzania. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo haifi njiani mara moja kama barafu ikiyeyuka, ingawa bado haipendi jua. Tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku wa umri wote, kifaranga na jogoo sawa. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kama mtaalamu wa mifugo atakavyopanga.

Mambo matatu ya kushika:

a) Inachanjwa kuku mzima. Ukisubiri mpaka ugonjwa umefika kwako umechelewa. Kinga inahitaji wiki moja au mbili kujengeka. Mdondo mara nyingi unatusumbua zaidi kiangazi, hivyo mwezi wa tano usikupite bure.

b) Chupa moja inatosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai. Mtu mwenye kuku watano akinunua peke yake anamwaga pesa. Hapa kwetu tulifanya hivi: nyumba zote za mstari wetu tukaorodhesha kuku kwenye daftari moja, tukagawana bei kwa idadi ya kuku, tukachagua siku moja. Mwenye kuku wawili alilipa ya wawili. Kikongwe mmoja asiye na kitu tulimlipia, kwa sababu kuku wake wakiugua, ni wetu watakaofuata.

c) Kuku aliyekufa usimchinje kimya kimya ukamuuza, na utumbo usiutupe jalalani. Choma au zika kwa kina. Mgeni anayeletwa kutoka sokoni atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine. Hapo ndipo ile kamba ya kuku mgeni ina maana.

Na majani? Yanabaki na kazi kubwa. Kuku aliyeshiba vizuri anaipokea chanjo vizuri zaidi, anapona haraka magonjwa madogo, anataga. Chanjo inamlinda asife, majani yanamfanya awe na faida. Usiyagombanishe.

RATIBA YA WIKI KWA KUKU KUMI

Kuku wa kujitafutia anahitaji nyongeza kama konzi moja jioni, wakati wa kurudi bandani. Sisi nyumbani tunafanya hivi:

Kila siku: maji safi asubuhi na mchana, chombo kisuguliwe. Pumba na makombo yaliyochanganywa na mlonge, kopo moja kwa kumi. Kifurushi cha lengalenga au matembele kining'inizwe.

Jumatatu na Alhamisi: kitunguu saumu kwenye maji.

Jumatano: vichwa vya dagaa, au mchwa kama wapo. Ganda la yai lililosagwa kwa matetea wanaotaga.

Jumamosi: banda lifagiliwe lote, majivu mapya, majani ya mwarobaini mapya kwenye viota.

Kila mwezi: mbegu za papai siku tatu, rudia baada ya wiki mbili. Kila kuku abonyezwe kifua.

Kila miezi mitatu au minne: chanjo, pamoja na majirani.

MASWALI MLIYOTUULIZA

“Sina nafasi ya kupanda mti, nyumba imebanana na nyumba.” Mlonge unakubali kukatwa. Panda karibu karibu kama uzio, kila ukifika kiunoni ukate. Utatoa majani mororo mengi, na uzio unabaki uzio. Mchicha unaota hata kwenye gunia au beseni lililotoboka.

“Naweza kuchuma majani porini nje ya kambi?” Tusidanganyane. Kutoka kunahitaji kibali, na akina mama na wasichana wameumizwa huko porini. Hakuna jani lenye thamani hiyo. Yote niliyoyataja yanaota ndani ya kambi. Omba tawi kwa jirani.

“Vifaranga wanakufa wiki ya kwanza, niwape jani gani?” Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji joto, maji safi kwenye kisahani, uji mkavu au mahindi yaliyosagwa laini, na ulinzi dhidi ya mwewe na panya. Majani yaanze wiki ya pili, kidogo, yamekatwa laini. Kitunguu, shubiri na pilipili ngoja wakue.

“Tuuze mayai au tule?” Swali hili limewagombanisha watu nyumbani. Kila familia inajua haja yake. Ninachoweza kusema ni tulivyokubaliana kwetu: yai la kwanza la siku ni la mtoto mdogo na halijadiliwi. Yale mengine ndiyo tunayokalia kikao.

WALE WATATU

Wengine mtauliza wale watatu waliishia wapi. Tetea wawili walitaga. Yule wa shingo iliyopinda hatukumchinja, watoto walikataa. Alikuwa anakula kwa kuinamisha kichwa upande, na alilalia mayai vizuri kuliko mwenzake. Siku ya kwanza ya chanjo ya mstari wetu, mimi ndiye niliyepewa daftari la kuandika kuku wa kila nyumba. Mke wangu akasema mbele ya watu, “Aanze na wake, safari hii.” Watu wakacheka sana. Nikaanza na wangu.

Kitinda mimba wetu, kadi yake ya kliniki iliyokuwa imekwama mstari ulianza kupanda tena. Sisemi ni mayai tu, maana alipata pia uji wa lishe na mama yake hakukosa hata siku moja ya kupima. Lakini mayai yalikuwemo.

Ndugu wasomaji, siku moja kila mmoja atafungua kamba yake na kwenda anakokwenda. Mti hatuwezi kuubeba. Mbegu na ujuzi vinaingia mfukoni. Mbegu za mlonge zikaushe, zifunge kwenye karatasi, zitunze.

Kama una jani lingine ambalo kwenu mlitumia kwa kuku, tuletee habari yake: jina lake, mlivyolitengeneza, lilisaidia nini na lilishindwa wapi. Hasa hilo la kushindwa. Andika kwenye karatasi, mpe mwenyekiti wa kijiji chako, itatufikia. Asiyejua kuandika aje aongee, tutaandika sisi.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda. Na mwenye kuku ambaye hajachanja, amsalimie jirani yake jioni hii na kumuuliza: wewe una wangapi?